Dawa ya Kuku wa Kalunde

Jana magharibi niliwanyima maji.
Nilikusanya vyombo vyote: kisufuria kisicho mkono,
nusu ya dumu uliyoikata mwenyewe kwa kisu cha moto,
nikavipandisha juu ya paa la banda,
nikaenda lindo la karakana ya reli
na lawama zao nyuma yangu hadi njia panda ya Isevya.

Wewe uko Sikonge, mwezi wa pili huu,
kwa ajili ya mguu wa mama.
Ukipiga simu unaanza na kuku.
"Wanakula?" Wanakula.
"Wanataga?" Hapo mtandao ukanisaidia, ukakatika.
Maana walikula kama waliofunga
na kila kukicha wakapungua.
Jumapili nilimnyanyua Kishungi:
mfupa wa kidari uliniingia kiganjani kama ubapa wa panga,
kilichobaki ni manyoya na macho.

Nkwabi wa duka la dawa za mifugo akaniuliza:
"Wangapi?" Kumi na wanane.
"Kinyesi umekitazama?"
Miaka kumi na tisa nimetazama kufuli, mabehewa, taa za ishara,
hakuna bosi aliyewahi kuniagiza nitazame kinyesi.
Nilirudi nikachutama na kijiti.
Uzi mweupe, Kalunde,
kama ule unaoukata kwa meno ukimaliza kifungo,
ila huu ulikuwa unajikunja wenyewe.

Basi leo alfajiri, treni ya Kigoma haijapita bado,
nimeukoroga unga wa dawa kwa kijiko chako cha chai
(nitakinunua kingine, usianze),
nikashusha vyombo.
Walikuja mbio, kishingo mbele, kidimu nyuma,
jogoo akasahau cheo chake.
Wazee husema kuku akinywa hutazama juu kushukuru.
Leo walitazama juu muda mrefu kidogo.
Nadhani walikuwa wanashtaki.

Kumi na saba.
Nikahesabu tena. Kumi na saba.
Kishungi nilimkuta nyuma ya choo,
kichwa ndani ya kopo langu la udhu,
anakunywa maji safi taratibu kama mke wa diwani.

Nkwabi alikuwa ameliona hilo mapema,
alinipa bomba la sindano lisilo na sindano.
Nikamkwapa, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba,
tone, subiri ameze, tone.
Nusu ilimwingia, nusu iliniingia mkononi mwa shati.
Moyo wake ulikwenda mbio kwenye mbavu zangu
kama cherehani yako usiku wa kuamkia Idi,
na sikumwachia upesi.
Dawa ilikuwa imekwisha, sikumwachia.

Usiku huo wa kwanza niliwafungia,
asubuhi nikafagia vilivyotoka, nikavichoma kwa mabua.
Sikuelezi vilivyotoka.

Mayai ya juma lote nimeyafukia chini ya mpapai.
Mke wa Lugendo alikuja kuomba mawili ya mtoto,
nikamwambia yana dawa, hayaliwi.
Akalitazama banda, akanitazama mimi, akacheka puani.
Sasa mtaa mzima unajua mlinzi wa reli
ni bahili tangu mkewe aondoke.

Alhamisi ukapiga. "Kishungi?"
Nilikuwa nimemshika, mzito, anautafuta mkono wangu kwa mdomo.
Amerudi mwili, nikasema.
"Na wewe?"
Mimi nipo.
Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa banda,
hilo sikulisema, simu zina gharama.

Nkwabi anasema dozi ya pili ni Jumamosi ijayo,
na kwamba kazi hii, ikifanywa vizuri,
inataka watu wawili.
Uje unishikie.